Kumbe wizi wa dirishani haulipwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wapangaji wenzangu wa Dodoma kilichonikuta kwenye bima.

Oktoba, kwa joto hili la kwetu, nililala dirisha la sebuleni likiwa wazi. Alfajiri kompyuta ya mke wangu haipo mezani. Nje, ukutani, umeegemezwa mti mrefu wenye ndoano ya waya nchani. Mwizi hakuingia ndani. Alivua kama yuko bwawa la Mtera. Nondo nzima, kitasa kizima, na wavu wa mbu ulishachanika siku nyingi.

Nikaenda polisi, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, nikaelekea kampuni ya bima nikijiamini. Si bima yangu ya vyombo vya ndani imeandikwa "moto na wizi"? Yule dada wa madai akanifungulia ukurasa wa tisa: wizi unaolipwa ni wa mtu aliyeingia au kutoka kwa kuvunja. Kwangu hakikuvunjwa kitu. Nimlaumu nani? Hati ilikaa kabatini miaka miwili, sijaifungua hata siku moja.

Sasa nimeisoma yote, kamusi mkononi, maana ni ya Kiingereza. Mafuriko hayamo mpaka uongeze ada, na sisi wa Nkuhungu tunaijua mvua ya Januari. Friji ikiungua umeme ukirudi kwa nguvu, hasara yako. Kilichonitoa jasho zaidi ni thamani. Ili ada iwe ndogo niliandikisha vitu vya shilingi milioni 4, kumbe nilivyo navyo vinafika milioni 8. Maana yake nimekatia bima nusu, na nusu ndiyo nitakayolipwa: moto ukila vya milioni 2, napewa milioni 1. Tena msitegemee bima ya mwenye nyumba; ile ni ya kuta na paa lake, kochi lako halimo.

Ombi langu kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ambao ni majirani zetu hapa Dodoma: kampuni zilazimishwe kumpa mteja, kabla hajatia saini, ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo yasiyolipwa, kwa herufi za kusomeka. Anayeona kadhulumiwa, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo. Mimi sikwenda, maana ukurasa wa tisa uko wazi.

Wavu nimebadilisha, na feni nimenunua ili dirisha lifungwe usiku. Risiti yake ya EFD nimeipiga picha, kwa kuwa maandishi yake hufutika.

Mpangaji,
Nkuhungu, Dodoma