Wauzaji wa vipuri, tuleteeni spoku za mashindano

Mhariri,

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea gurudumu la nyuma la baiskeli ya mashindano, lenye spoku 20 tu. Alipopita kwenye matuta ya rasta spoku moja ilikatika, ringi ikapinda ikawa inasugua breki, akamaliza kwa miguu huku wenzake wakimpita. Gurudumu hilo alilidunduliza miezi minane. Iliniuma sana.

Spoku 20 zinamtosha mtu mwepesi kwenye lami nzuri. Huyu ana kilo 82 na mazoezi yake ni barabara ya Tinde. Ikikatika moja kati ya 20, jirani zake wako mbali mno kuishikilia ringi. Zikiwa 32, unalegeza breki kidogo na unafika nyumbani.

Nimemsukia upya kwa ringi ya aluminiamu ya matundu 32, kila spoku ikipishana na nyingine tatu. Spoku zenyewe ni za chuma kisichoshika kutu, milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati. Hapo ndipo mafundi wenzangu wananibishia, eti nyembamba itawahi kukatika. Jamani, tazameni zilizokatika kwenye makopo yenu! Nyingi zimekatikia kwenye kona, pale zinapoingia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kila mzunguko, spoku iliyofika chini hulegea kisha hukaza tena, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka chuma kinachoka. Iliyopunguzwa katikati huvutika kidogo, kona ikapata nafuu. Upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma ndio unaonufaika zaidi, maana spoku za huko hukazwa kidogo kuliko za upande wa gia ili ringi ikae katikati.

Nipeli, vile vijinati vinavyokaza spoku kwenye ringi, niliweka za shaba. Za aluminiamu ni nyepesi, lakini zikishapigwa na maji na jasho huganda, ukizungusha zinapasuka.

Shida ni kuzipata. Madukani hapa spoku za namna hiyo hakuna, na zikija zinakuja urefu mmoja. Ikizidi inatokeza kwenye nipeli na kutoboa tyubu. Ikipungua haishiki uzi wa kutosha. Nawaomba wauzaji walete za urefu mbalimbali, hata pakiti chache. Mimi ni mteja wa kwanza.

Fundi baiskeli,
Ngokolo, Shinyanga