Malalamiko kuhusu foki ya shokapu mliyonichagulia

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: FOKI YA SHOKAPU ISIYOINGIA KWENYE BAISKELI NILIYOWAELEZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua kwenu foki ya mbele ya baiskeli yangu ya milimani, yaani ule uma wenye shokapu unaoshika gurudumu la mbele, baada ya kuandikiana kwa kirefu na mshauri wenu wa mauzo. Foki imefika salama, imefungashwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Tatizo ni kwamba haiingii kwenye baiskeli niliyomweleza mshauri huyo tangu barua pepe ya kwanza, na nilipoomba kuirudisha nikajibiwa kuwa "haina hitilafu ya kiwandani", kwa hiyo dhamana haihusiki. Sijasema popote kwamba kiwanda kimekosea. Ninachosema ni kwamba ninyi ndio mmekosea kuchagua, na kazi ya kuchagua mliichukua kwa hiari yenu: juu kabisa ya ukurasa wa bidhaa mmeandika, kwa herufi nene, "Tuambie baiskeli yako, tukuchagulie."

Basi niliwaambia. Fremu ya alumini isiyo na shokapu ya nyuma. Magurudumu ya inchi 29. Foki ya zamani ilikuwa na mzamo, yaani umbali ambao foki inaweza kuzama inapobanwa, wa milimita 120. Shingo ya fremu, pale mbele foki inapoingia, ni pana chini kuliko juu, ya kupokea bomba la foki la inchi 1⅛ juu na inchi 1.5 chini. Habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya ekseli ya milimita 15 kwa upana wa milimita 110. Diski ya breki ya mbele ni ya milimita 160. Uzito wangu ni kilo 60. Njia ninazopita ni za kupanda na kushuka, zenye mizizi na mawe, na si mtu wa kuruka majukwaa. Nikaambatanisha na ukurasa wa kijitabu cha fremu ambapo mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba mzamo wa foki usizidi milimita 130.

Mshauri alijibu upesi, hilo namshukuru. Jibu lake lilikuwa na sentensi mbili: nichukue foki ya mzamo wa 150 kwa sababu "itakupa raha zaidi", na kwamba "inaingia baiskeli zote za inchi 29". Sentensi ya kwanza inapingana na kijitabu nilichomtumia. Ya pili si kweli kwa foki yoyote iliyowahi kutengenezwa.

Nianze na hiyo 150, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Foki inapoongezwa mzamo, urefu wake wote unaongezeka, na baiskeli inainuka mbele. Tofauti ya milimita 30 kutoka foki ya zamani inatosha kulaza pembe ya shingo kwa takriban digrii moja na nusu, kunyanyua kanyagio kutoka ardhini na kukisukuma kiti kielemee nyuma. Kwenye mteremko mtu anaweza kufurahia. Kwenye mwinuko, ambako ndiko ninakotumia muda mwingi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuanza kutangatanga, na mwendeshaji anabaki kujikunja juu ya usukani ili alirudishe njiani. Haya ni mambo ya tabia ya baiskeli, na pengine kuna wateja wanaoyakubali kwa hiari yao. Lakini kuna jambo ambalo halina hiari ndani yake. Foki ndefu ni wenzo mrefu. Kila gurudumu linapogonga jiwe, nguvu inapanda na kuishia kwenye weldi inayounganisha shingo na bomba la chini la fremu. Mtengenezaji aliyeandika 130 amezipigia hesabu weldi zake. Fremu ikipasuka nikiwa na foki ya 150, atauliza swali moja tu, kisha atafunga faili. Je, hapo mngeninunulia fremu nyingine ninyi?

Ninaelewa kwamba siku hizi mzamo unauzwa kama cheo: mwenye 150 anamtazama mwenye 120 kwa huruma. Ukweli ni kwamba baiskeli za mbio za kukatiza mashamba na misitu (cross-country) zinatumia 100 hadi 120, za njia za mchanganyiko 130 hadi 150, na zile za kushuka milima tu hufika 200, na kila fremu imechorwa kwa ajili ya tarakimu yake. Namba kubwa haimfanyi mtu kuwa dereva bora. Mshauri wa mauzo anatakiwa kulijua hilo kabla mteja hajalijua.

Zaidi ya hapo, mzamo peke yake hausemi foki ina urefu gani. Foki mbili za 120 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa kuanzia katikati ya ekseli hadi pale beringi ya chini ya shingo inapokaa. Niliuliza urefu huo ni upi kwa foki yenu. Nikajibiwa kwamba ni "wa kawaida". Niliuliza na ofseti, yaani ekseli imesogezwa mbele ya mstari wa bomba kwa milimita ngapi, kwa kuwa foki za magurudumu ya 29 mara nyingi huwa na 51 au 44, na tofauti hiyo inahisika mikononi: ndogo hutuliza usukani kwenye kasi, kubwa huufanya mwepesi wa kugeuka kwenye kona za polepole. Ningeweza kuizoea yoyote kati ya hizo mbili. Nilitaka tu kujua ninachonunua. Jibu lilikuwa lilelile, "ya kawaida".

Sasa ekseli. Foki mliyonitumia ina nafasi ya milimita 100 kati ya miguu yake miwili. Habu yangu ina upana wa 110. Hapa hapana mjadala wa ladha wala wa uzoefu. Kitu cha 110 hakipiti kwenye nafasi ya 100. Kama ingekuwa kinyume chake, habu nyembamba kwenye foki pana, fundi hodari angeweza kuongeza vipande vya kuziba pengo kila upande na kuisogeza diski ikae sawa na breki. Kwa hali hii, njia iliyobaki ni habu nyingine na gurudumu kusukwa upya kwa spoki mpya. Ndivyo mshauri wenu alivyonishauri, bila hata aibu kidogo, na kuniwekea kiunganishi cha mtandaoni cha kununulia habu hiyo kwenye duka lenu hilohilo.

Breki nayo ina kisa chake, ingawa ni kifupi. Masikio ya kufungia kalipa, ile sehemu inayobana diski, kwenye foki hii yamewekwa kwa diski ya milimita 180. Kutoka hapo mtu anaweza kupanda kwenda diski kubwa zaidi kwa adapta, lakini hawezi kushuka kwenda 160, kwa sababu hakuna adapta inayoirudisha kalipa ndani ya chuma. Tangazo lenu linasema "breki za diski" na kuishia hapo.

Kuhusu bomba niwatendee haki. Foki ilikuja na bomba nyoofu la inchi 1⅛, na shingo yangu ni pana chini. Hilo linatatulika kwa kiti maalumu cha beringi ya chini, kitu kidogo cha kawaida. Ingekuwa bomba pana kwenye shingo nyembamba, hapo pasingekuwa na tiba. Kwa hiyo hilo silihesabu kama kosa kubwa, ila lilipaswa kutajwa, na kiti hicho kilipaswa kuwemo ndani ya boksi.

Halafu kuna springi. Mliandika kwamba foki "inafaa uzito wowote". Foki ya hewa inaweza kudai hivyo kwa kiasi fulani, kwa sababu mwenye kilo 60 na mwenye kilo 95 watatofautisha shinikizo kwa pampu ya shokapu, kila mmoja hadi foki izame kiasi kinachotakiwa akiwa ameipanda baiskeli bila kutembea. Kwa njia za mchanganyiko ni kati ya asilimia 20 na 30 ya mzamo wote. Foki hii ni ya springi ya chuma. Springi ya chuma haijazwi upepo. Ina ugumu wake tangu inapotoka kiwandani, na ndiyo maana watengenezaji makini hutoa springi kadhaa kwa madaraja ya uzito, laini, wastani, ngumu, ngumu zaidi. Kile kitasa cha juu ya mguu wa foki huikaza springi kidogo mwanzoni, lakini hakibadilishi ugumu wake. Mwepesi akipewa springi ya mzito, hiyo 150 mnayoisifu ataiona kwenye karatasi tu, kwa maana foki itagoma kuzama. Niliuliza springi iliyomo ni ya daraja gani. "Ya kawaida." Ya kawaida kwa nani, ndugu Meneja?

Hata hivyo yote haya yangekuwa kosa la kusahihishika, na nisingeandika barua ndefu kiasi hiki, kama si lililofuata. Nilipowaandikia kwamba foki haiingii, mshauri aliniagiza kwanza nimpelekee fundi alikate bomba lifikie urefu wa shingo yangu, aifunge, nijaribu, ndipo nitoe taarifa kamili. Fundi wangu alikataa kugusa msumeno. Alifungua masharti yenu ya mauzo kwenye simu akanionyesha kifungu kinachosema kwamba foki iliyokatwa bomba haipokelewi tena kwa sababu yoyote. Yaani mfanyakazi wenu aliniagiza nifanye jambo lile hasa ambalo lingenipokonya haki ya kuirudisha bidhaa. Kama hakukijua kifungu hicho, hafai kumshauri mteja. Kama alikijua, basi hii ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia na kisha kuambiwa nimchinje kabla sijalifungua.

Bomba halijakatwa. Beringi haijapigwa mahali pake. Foki haijawahi kufungwa kwenye baiskeli yoyote, na fundi ameandika hivyo kwa mkono wake. Pamoja na hayo, mmejibu kwamba kwa kuwa boksi limefunguliwa, bidhaa "imetumika". Ningewezaje kupima nafasi ya ekseli bila kufungua boksi, wakati kipimo hicho hamkukiandika kwenye tangazo wala hamkunipa nilipokiomba?

Ukurasa wenu wa bidhaa una aya nzima inayosimulia jinsi Greg Herbold alivyoshinda mbio za kushuka mlima kule Durango, Marekani, mwaka 1990, akiwa na foki ya shokapu wakati jambo hilo lilikuwa bado geni. Ni historia tamu na ni ya kweli. Lakini Herbold hanisaidii kujua kama habu yangu itaingia. Katika nafasi ya sentensi moja ya simulizi hiyo mngeweza kuandika mzamo, urefu kutoka ekseli hadi beringi, umbo la bomba, ukubwa wa ekseli na upana wake, ofseti, diski ndogo kabisa inayokubalika na daraja la springi. Mteja angejichagulia mwenyewe, na mshauri wenu angepumzika.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Mrudishe fedha zote nilizolipa, pamoja na gharama ya usafirishaji wa kuja na kurudi, kwa kuwa uchaguzi haukuwa wangu. Msinibadilishie kwa foki nyingine. Mmeshanipendekezea hilo na ninalikataa, kwa sababu hadi leo hakuna aliyenipa vipimo vya hiyo mnayotaka kunibadilishia, na imetajwa tu kuwa ni ya 140, ambayo nayo inavuka mpaka wa fremu yangu. Mnipe pia maelezo ya maandishi ni nani aliyeidhinisha agizo la kukata bomba, na kama wateja wengine wanapewa agizo hilohilo. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Nataka agizo hilo lifutwe, maana wapo watakaolitii kwa imani, na fundi wao hatakuwa na tabia ya kusoma masharti.

Maneno "inaingia baiskeli zote za inchi 29" nayo yaondolewe kwenye tangazo. Nimeangalia asubuhi hii kabla ya kuandika, bado yapo.

Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Muda huo ukipita, nitapeleka suala hili, pamoja na mawasiliano yetu yote, kwa mamlaka inayohusika na kumlinda mlaji. Foki ipo kwangu ndani ya boksi lake, mnaweza kutuma mtu kuichukua siku yoyote ya kazi mradi anipe taarifa siku moja kabla. Tafadhali msinipigie simu kuhusu jambo hili; nimeshapigiwa, na kinachosemwa kwenye simu nikikirejelea baadaye huambiwa hakikusemwa.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: nakala ya risiti, barua pepe zote kati yangu na mshauri wa mauzo, ukurasa wa kijitabu cha fremu wenye mpaka wa mzamo, picha za foki zikionyesha rula kati ya miguu na bomba lisilokatwa, maelezo ya fundi.