Kava ya albamu si picha nzima, ndo manake bei si ya stika

Kuna mteja ameenda kutusema sisi wachoraji wa magari kwenye grupu la wenye tuktuk, ati tumemla pesa manake picha alikuja nayo mwenyewe, sisi tulikopi tu. Maneno haya nshayasikia mpaka basi, sanasana kwa hawa vijana wa roki wanaokuja na skrinshoti ya kava ya metal (roki nzito) wanataka ikae nyuma ya tuktuk ama ubavuni mwa matatu. Kwa hivo leo naeleza, na asoridhika apite karakana hapa Majengo, Mombasa, aone kazi inavofanywa.

Kwanza, hiyo picha yako imekatwa. Chukua ile inayoletwa kila mara, mpiganaji juu ya farasi mweusi, helmeti ya pembe, shoka lina damu. Watu huijua kwa bendi ya Molly Hatchet, waliiweka kwenye albamu yao ya kwanza 1978 (na wale hata si metal sawasawa, ni roki ya kusini mwa Marekani, lakini haya). Mwenye kuichora ni Frank Frazetta, 1973, rangi ya mafuta, inaitwa Death Dealer. Michoro mingi ya namna hii ilikuwa ya kava za vitabu, imesimama wima, na ikiingia kwenye albamu inafinywa kwenye mraba afu jina la bendi linapigwa juu yake. Sasa ukiniambia nitoe hayo maandishi, nyuma yake hakuna kitu kaka, hayo mawingu yaliyofunikwa ni mimi nitayachora. Na uso wa yule mpiganaji umezama kwenye kivuli cha helmeti, ukipiga nyeusi ya mkebe hapo unapata shimo tu, lazima uchanganye hudhurungi na buluu, upulize kidogo kidogo, usubiri, upulize tena.

Pili ni ukubwa. Skrinshoti ya simu ina vidoti kama 1080 kwa upana. Itandaze kwenye mita moja na nusu ya ubavu wa gari, kila kidoti kinapita milimita moja, yaani ukisimama stejini unavihesabu. Na ikiwa imezunguka WhatsApp ndo kabisa, inakuja na ukungu.

Njia ya mkato wanayoipenda ni kupeleka hiyo hiyo ikachapwe stika ya bei ya chini, haina lamineshoni, ule utando wa kuikinga juu. Jua la Mombasa hulijui wewe? Nyekundu na manjano ndo zinaondoka mwanzo. Kuna bwana mmoja wa Likoni farasi wake alibaki wa buluu, damu kwenye shoka imekuwa kama maji ya mtaro, kona zimejikunja vumbi limeingia. Akaja kwetu tuitoe, tukaipasha moto na kuikwangua na wembe, ikatoka na rangi ya gari chini yake. Basi tena msasa, fila, praima, rangi, ndo tufike kuchora, halafu klia juu, ile vanishi isiyo na rangi. Kalipa mara mbili na bado alitaka nimpunguzie!

Mwengine alileta kava mbili za bendi za metal, Sepultura ya 1989 na Obituary ya 1990, anabishana na mwenzake ati bendi moja imeiba kava ya nyengine. Hakuna aliyeiba, zote ni kazi ya mchoraji mmoja, Michael Whelan. Tulicheka siku hiyo, lakini bei ilibaki palepale.

Na hili la kukopi: hatukopi Frazetta mstari kwa mstari, hata ulipe mara mbili. Amefariki 2010, na sheria ya Kenya inalinda mchoro miaka 50 baada ya mchoraji kufa, kwa hivo michoro yake bado ina wenyewe. Tunakuchorea mpiganaji wako, farasi wako, giza la aina ile ile. Ukitaka mchoro wenyewe kama ulivo, chagua wa zamani ambao ulinzi wake umekwisha, na bendi za metal wameichukua mingi tu. Bathory 1988 walitumia mchoro wa Peter Nicolai Arbo wa 1872, jeshi linapita mbinguni na farasi. Candlemass 1987 walichukua mchoro wa Thomas Cole wa 1842, mzee ndani ya mashua na malaika juu yake. Hiyo ya Arbo tumemfanyia mwenye matatu wa Kongowea, jeshi lile lile linapita juu ya Fort Jesus. Mawingu peke yake yalitula karibu wiki nzima na abiria wanapiga picha mpaka leo, na yeye hajawahi kuniuliza tena kwa nini bei.

Arubuni ni nusu, haipungui. Gari lije limeoshwa, lisiwe na nta wala mafuta ya kung'arisha, manake rangi haishiki, na mlango ukibonyea tuambiane kabla, kunyoosha bodi ni hesabu nyengine.