Kabla hujaja Iringa na pikipiki yako

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Huku hatujambo, na mama yako bado anasema upande basi. Mimi hilo nimelinyamazia. Ukishaamua kuja kwa pikipiki, basi ije imeandaliwa, kwa sababu kilomita kama 500 kutoka Dar hadi hapa si mizunguko yako ya Sinza na Mwenge.

Kwanza kabisa, usiipeleke kwa fundi Ijumaa jioni ili uondoke Jumamosi alfajiri. Fundi akishafungua, kuna nati inaweza kurudishwa bila kukazwa vizuri. Mpelekee wiki mbili kabla. Halafu funga mizigo yote utakayokuja nayo, nenda mpaka Chalinze, urudi. Ukifika nyumbani chukua spana upitie nati zote: za ekseli, za usukani, za egzosti, za keria. Ya kulegea ilegee hapo karibu, si katikati ya mbuga.

Kwenye tairi usibane hela. Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne zilizozungushiwa. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wapo wauzaji wanaolipaka tairi la zamani dawa likang'aa kama kiatu cha mwanajeshi, lakini tarakimu hazidanganyi. Jipya huteleza siku za mwanzo, kwa hiyo lifunge kabla ya ile safari ya Chalinze. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, na ufuate kipimo cha kubeba mzigo kilicho kwenye kitabu cha pikipiki yako, si kile cha kidole gumba cha kijana wa pancha. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mzito uliokufa.

Cheni wengi huikaza kupita kiasi. Bonyeza katikati, upande wa chini. Ipande na kushuka kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, ila kitabu chako kikisema vingine kifuate hicho. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa, na uirekebishe pale inapokaza zaidi. Ukipakia mzigo shokapu hushuka na cheni huzidi kujivuta. Iliyokazwa kama waya hula beringi na sproketi. Sasa chuchumaa uangalie kile kilipu kinachofunga kiungo cha cheni. Mdomo wake ulio wazi utazame nyuma ya mwendo wa cheni, upande uliofungwa utangulie. Kikiwekwa kinyume, kitu kikikigusa kinachomoka. Hili likague mwenyewe, usimwulize fundi.

Oili iwe ya pikipiki. Nyingi kati ya zile za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo, itaanza kuteleza. Utalijua hilo kwenye mlima wa Kitonga, mahali pabaya pa kujifunzia.

Vifaa chukua vichache, ila kila kimoja uwe umekitumia hapo nyumbani. Toa gurudumu la nyuma mwenyewe, vua tairi, badilisha tyubu, rudisha. Usipoweza uani kwako ukiwa na maji ya kunywa na kivuli, usinibebee makolokolo. Beba tyubu, pampu, plagi, waya wa klachi, fyuzi, kilipu cha akiba. Mzigo mzito ukae chini, karibu na wewe, pande zote mbili ziwe sawa. Ukishapakia, usiku washa taa mbele ya ukuta: nyuma ikishuka, taa ya mbele inatazama juu na kuwapofusha wa mbele. Irekebishe. Lakini hiyo ni tahadhari tu; usiku sitaki utembee.

Ulale kwa shangazi yako Morogoro. Najua utaona ni karibu mno, lakini kesho yake utaingia Mikumi mchana na akili imepumzika. Ndani ya hifadhi nenda polepole, twiga hapigi honi. Usisimame kupiga picha nyani. Ukivuka Mikumi mjini hakikisha tangi limejaa, angalia na kioo cha oili.

Bonde la Ruaha ni joto, hapo kunywa maji hata kama huna kiu. Kitonga weka gia ndogo kabla ya mlima kuanza, usishikilie klachi nusunusu nyuma ya malori, na usiovateki kwenye kona hata dereva akikupungia mkono. Yeye haoni kinachoshuka. Siku ya kurudi, utaiteremka kwa gia ileile uliyopandia.

Juu ya mlima hali ya hewa inabadilika ghafla, koti liwe karibu. Ukifika Ilula nipigie, nitakungoja Ipogolo.

Mama yako atakupigia kwa siri kuagiza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Kilo mbili, si debe, na vikae chini kwenye begi, si juu ya keria.

Baba yako