Sanje jumamosi, someni yote jamani

Wanangu mambo, safari ya maporomoko ya Sanje, kule hifadhi ya Udzungwa, iko palepale, tunakutana stendi Ifakara saa 12 asubuhi, gari haisubiri mtu. Kupanda na kushuka ni kama masaa manne na lazima tuwe na mwongozaji wa hifadhi, so vaeni viatu vinavyoshika, yale mawe ya karibu na maji yanateleza balaa, mi nilishawahi kwenda na ndala nikachubuka goti lote. Maji yanashuka kama mita 170 hivi, ukiingia baridi inakukata pumzi ila ukishazoea hutaki kutoka kabisa. Asiyejua kuogelea anicheki inbox mapema, ntakaa nae pembeni. Halafu wale kima wa Sanje msiwarushie chakula plizi, duniani wako Udzungwa tu.