Bei ya dola 749 haionekani rafuni

Nairobi, Machi 2025

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote uwasalimie. Umeuliza kwa nini RTX 5070 Ti, kadi ya michoro ya kompyuta yenye chipu ya Nvidia, iliyotangazwa kwa dola 749 mjomba wako ameikuta Houston kwa 899, na kama anunue.

Kwanza, ile 749 ni bei ya kupendekezwa, tena haina kodi. Houston kodi ya mauzo ni 8.25%, kwa hiyo hata akiipata kwa bei hiyo atalipa 810.79. Na ukiiagiza kwa mzigo, VAT yetu ya 16% hupigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima. Hapo mwenye duka hana kosa.

Nyongeza ya kuitilia shaka ni ile 150. Kadi kubwa zaidi, 5080 na 5090, Nvidia wana toleo lao wenyewe, hii hawakuitengenezea. Zote zinatoka kwa akina Asus, MSI na Gigabyte, wanaonunua chipu Nvidia kisha wakaunda bodi na feni. Modeli ya kawaida yenye bei ya karibu na 749 huisha mapema, zikabaki zilizoandikwa OC, yaani zilizoongezwa kasi kiwandani. Chipu ni ileile, memori ileile ya GB 16. Kasi inayoongezeka ni asilimia chache, nawe unaongezewa bei kwa 20%! Feni zenye utulivu zina thamani yake, lakini mimi ningezilipia dola 50, si zaidi.

Duka jingine litaacha 749 ilivyo, ila halikuuzii kadi mpaka ununue na pawa saplai, kile kifaa cha kuipa kompyuta umeme. Usikatae papo hapo. Nvidia wanapendekeza wati 750. Kama yako ni ya 550 ungenunua nyingine hata hivyo. Linganisha tu na bei yake ikiuzwa peke yake.

Walanguzi ndio wa kukimbia. Kwenye Amazon au Newegg asitazame jina la tovuti tu, asome pia muuzaji ni nani. Februari Nvidia walikiri kwamba baadhi ya kadi hizi zimetoka na upungufu: ROP (vitengo vya chipu vinavyokamilisha picha) 88 badala ya 96, na kasi inashuka. Programu ya GPU-Z huonyesha hesabu hiyo mara moja. Anayeibadilisha kadi yenye upungufu ni aliyeitengeneza, naye anaweza kudai risiti ya duka, ambayo kwa mlanguzi huenda usiipate.

RX 9070 XT ya AMD, washindani wa Nvidia, imetangazwa kwa 599, nayo ina GB 16. Kwa michezo ningekuelekeza huko, lakini kazi yako ni Blender, programu ya kuunda picha za 3D, na huko Nvidia bado wako mbele.

Kikomo chako kiwe 800 kabla ya kodi. Mjomba akiipata, nitumie jina kamili la modeli na la muuzaji kabla hajalipa.

Wako,
Juma