Salamu za Shukrani kwa Wote Mliosimama na Dada Yetu

Sisi wazazi, kaka, dada, wajomba na mashangazi tunatoa shukrani zetu za dhati kwa kila aliyechangia kwa hali na mali matibabu ya dada yetu mpendwa, aliyefanyiwa upasuaji wa kuwekewa kipandikizi cha koklea, yaani kifaa cha umeme cha kumsaidia kusikia kinachoingizwa kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono. Upasuaji ulikwenda salama, kidonda kimepona, kifaa kimewashwa, na dada anasikia. Bado anajifunza kusikia, na hilo tutalieleza, lakini anasikia.

Tungependa kumtaja kila mmoja kwa jina, ila mko wengi, na wengine mlituma mchango wenu bila hata kujitambulisha. Kila mmoja azipokee salamu hizi kama zimeandikwa kwa ajili yake.

Wakati wa mchango wengi mlituuliza, kwa upendo, kwa nini achague upasuaji ilhali anavaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, na anajua kusoma midomo. Mliochanga mna haki ya kupata jibu kamili. Dada ana sindromu ya Usher, ugonjwa uliopewa jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Uingereza aliyeandika mwaka 1914 kuhusu jinsi unavyorithiwa ndani ya familia. Unashika masikio na macho kwa pamoja. Aina aliyonayo dada ni ya 3: mtoto huzaliwa akisikia, akajifunza kuzungumza kama wenzake, kisha usikivu na uoni vikapungua kidogokidogo miaka inavyokwenda. Kwa upande wa macho huanza kwa kushindwa kuona gizani, halafu uoni wa pembeni unajifunga hadi mtu anabaki kuona kama anayechungulia kwenye bomba.

Kusoma midomo kunataka mwanga, kunataka uso ulioelekezwa kwako, na zaidi ya yote kunataka macho. Hata mwenye macho mazima hapati yote, kwa sababu "baba", "mama" na "papa" havitofautiani hata kidogo kwa mtu anayetazama tu. Dada alikuwa akijaza mapengo kwa kuangalia uso mzima, mikono, nani ameingia, nani anacheka. Uoni ulipobana, akitazama midomo haoni mikono, na akigeuka kumtafuta aliyeanza kusema, yule ameshamaliza. Giza likiingia ndiyo basi. Tulikuwa tunamwona mezani akitabasamu kila wenzake wanapotabasamu, na sisi tunaomjua tulijua kwamba hajapata neno hata moja.

Shimesikio nalo lilikuwa limefika mwisho wa uwezo wake. Ndani ya koklea, kila sikio, kuna seli ndogo zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme ziendazo kwenye ubongo. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Shimesikio hukuza sauti, lakini ukikuza sauti mahali pasipo na seli za kuipokea, mtu anapata kishindo kisicho na maneno. Kipandikizi kinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Maikrofoni iliyo nyuma ya sikio hunasa sauti, kichakataji huigeuza kuwa ishara, koili inayoshikiliwa na sumaku juu ya ngozi huzipeleka ndani, na uzi mwembamba wenye elektrodi, yaani vituo vidogo vya kupitishia umeme, uliopitishwa kwenye koklea huamsha neva ya kusikia moja kwa moja. Ndiyo maana dada hakungoja macho yafunge kabisa. Alitaka ajifunze sauti mpya wakati bado anaweza kumtazama anayezungumza.

Uamuzi ulikuwa wake, na hapa tunawashukuru kwa namna ya pekee wazee wetu. Mlikuwa na maoni yenu, mkayasema mara moja, kisha mkamwachia nafasi. Hakuna aliyemsukuma na hakuna aliyemtisha. Na mambo ya kupima yalikuwepo. Aliambiwa kwamba usikivu kidogo uliosalia katika sikio linalopasuliwa unaweza kupotea wote. Aliambiwa kuwa baada ya upasuaji vipimo vya MRI, vile vya kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, vitahitaji tahadhari kwa sababu ya sumaku iliyo ndani. Kubwa kuliko yote kwake lilikuwa kizunguzungu, maana sikio la ndani ndilo linalotusaidia pia kusimama wima. "Daktari, mtu mwingine akipata kizunguzungu anashika ukuta anaouona," alimwambia. "Mimi je?" Daktari hakumpoza kwa maneno matamu. Alimwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo siku hiyo hiyo, wakapanga atakavyoinuka kitandani, nani atakuwa upande gani, na fimbo yake nyeupe itakaa wapi. Wakakubaliana pia kuanza na sikio moja, la pili libaki na shimesikio lake. Kwa jibu la namna hiyo, lililompa heshima ya mtu mzima, tunakushukuru daktari wetu, pamoja na wauguzi, wataalamu wa usingizi, na wale waliohakikisha amepata mapema chanjo ya bakteria wa pneumokokasi, kwa kuwa mwenye kipandikizi anakuwa katika hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo.

Shukrani nyingine ni kwa marafiki wa dada walio viziwi. Baadhi yenu hamtaki kipandikizi, na mlimweleza sababu zenu waziwazi: lugha ya alama ni lugha kamili, maisha yenu ni kamili, na ninyi si watu wa kutengenezwa. Tuliwasikiliza na tunawaheshimu. Pamoja na hayo mlikuja kumwona, mkachanga, na mkaendelea kumfundisha alama za kupokea kwa kugusa, mikono yake juu ya mikono yenu. Masomo hayo hayakukoma kwa sababu amepata kifaa. Usiku akikitoa ili alale, au betri ikiisha, sikio lile halisikii chochote, na ninyi ndio mliompa njia ya kuzungumza nasi saa hizo.

Tunamshukuru pia mtaalamu wa magonjwa ya kurithi aliyeketi na wazazi wetu. Kuna maneno yaliyosemwa juu ya Mama kwa miaka mingi, na hatutayarudia hapa. Mtaalamu yule alieleza kwamba ili mtoto apate ugonjwa huu lazima arithi jeni lenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima wasiojua lolote, na kwamba kwa kila mimba uwezekano ni 1 kati ya 4. Baba aliomba arudiwe maelezo yale. Kisha akamgeukia Mama akamwambia, "Umesikia, mama watoto? Ni sisi wote." Mama alilia, na ni kilio tulichokuwa tunakisubiri. Kwa saa ile moja tu tungeandika salamu hizi.

Wapo pia tusioweza kuwafikia, wale waliotangulia kuitafuta njia ya kifaa hiki. Huko Paris mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea mtu kiziwi waya wa umeme, akatambua midundo na maneno machache. Huko Melbourne, daktari Graeme Clark, ambaye baba yake mfamasia alikuwa na usikivu hafifu, alihangaika namna ya kupitisha nyaya kwenye koklea iliyojiviringa. Akiwa ufukweni alichukua ganda la konokono wa baharini akaingiza jani la nyasi, laini kwenye ncha na gumu zaidi kuelekea shinani, likazunguka ndani bila kukwama. Mwaka 1978 Rod Saunders, aliyepoteza usikivu kwa ajali ya gari, alikubali kuwa mgonjwa wake wa kwanza. Hakuwa na mtu wa kumuuliza mambo yatakuwaje. Dada alikuwa nao wengi, kwa sababu ya Saunders na waliomfuata, nasi tunamkumbuka kwa heshima.

Sasa tuwaeleze siku kifaa kilipowashwa, maana wengi mlitarajia picha ya kilio cha furaha. Haikuwa hivyo. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na mtaalamu wa usikivu alianza na milio midogo, elektrodi moja baada ya nyingine, dada akiinua kidole kila anaposikia. Kisha akaruhusu sauti za chumbani. Mama alimwita jina. Dada alikunja uso: alisikia mlio mkali kama wa mashine, akajua ni sauti kwa sababu tu alimwona Mama anasema. Tulirudi nyumbani kimya. Mtaalamu alikuwa ametuonya kwamba ubongo unahitaji miezi ya mazoezi ya kila siku, na tunamshukuru kwa kutokutudanganya.

Mazoezi yakaanza. Mpwa wetu alikuwa anaficha mdomo kwa karatasi na kumsomea orodha ya maneno, dada anayarudia. Siku moja dada alisimama ghafla ukumbini akauliza ni kelele gani hiyo inayomfuata. Akapiga hatua mbili, akasimama, akapiga nyingine. Zilikuwa ndala zake mwenyewe. Alitembea nazo sakafuni huku na huku hadi watoto wakamfuata mstari. Siku hizi sauti ya Mama anaijua akiwa chumba kingine, na ya Baba anaifahamu kwa kikohozi. Penye watu wengi bado ni shida, na simu bado inamshinda.

Kwa hiyo mnaokuja kumjulia hali, tunawaomba: msimame penye mwanga na dirisha lisiwe mgongoni kwenu, mjitaje majina kwanza, mzungumze mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida bila kupaza. Mkiona hajaelewa, msimwambie "achana nayo". Rudieni kwa maneno mengine. Na msisogeze viti kutoka mahali vilipo.

Mchango umefungwa. Kilichobaki, baada ya hospitali kulipwa yote, kimetengwa kwa betri, nyaya za akiba na safari za kurekebisha kifaa, na mweka hazina yuko tayari kuonyesha hesabu kwa yeyote anayetaka kuziona. Tafadhali msitume tena. Wanaotaka kumsalimu wamwandikie ujumbe kwa herufi kubwa, au waje wenyewe. Anapenda zaidi mkija.

Mwenyezi Mungu awalipe.

Ni sisi, familia.